Neno la Kwanza Kufika Bukama

Élisabethville, Jumanne, tarehe 9 Novemba 1937

Nimechoka. Neno hilo naliandika kwanza kwa sababu ndilo la kweli. Joto la kabla ya mvua, miguu imevimba, bukari ya jana, ugali mzito, bado imekaa tumboni. Lakini leo naanza daftari, maana mwanamume mwenye mpango anauandika. Padri alitufundisha Kiswahili cha kitabu, basi nitaandika hicho. Bantu, watu wa hapa, wakisema, nitaandika walivyosema.

Mimi ni Liévin Kapya. Kazi yangu ni kuchagua njia za telegramu hapa stesheni. Wengi hawajui kama kazi hiyo ipo. Wanafikiri telegramu inaruka yenyewe mpaka kwa mwenyewe. Hapana! Ukutani mwa biro yetu, yaani ofisi, kuna ubao. Kushoto, majina ya miji yote. Kulia, kwenye msumari, kibao kidogo chenye jina la stesheni ya jirani. Bukama: Jadotville. Sakania: Mokambo. Basi, karatasi ya Bukama naitia katika sanduku la Jadotville, Jeannot Mwenze anaipiga kwenye mashine, na kazi yangu imekwisha. Jadotville anatazama ubao wake: Bukama, mpe Tenke. Tenke anampa Bukama. Hakuna anayeijua njia nzima. Kila mmoja anamjua jirani yake tu, na hamwulizi kitu. Ndivyo ilivyo. Bukama yenyewe sijawahi kuiona, lakini nimetuma huko nusu ya dunia.

Sasa habari yenyewe. Delphine! Jumapili baada ya misa mama yake, Mama Constance, alituita sisi wawili tunaomtaka, mimi na Clovis, palepale mbele ya kanisa. Clovis ni karani wa depo ya mashine za treni, anaandika nani kafika kazini, na Jumapili anacheza mpira upande wa kushoto. Miguu tu. Mama Constance alisema katika ukoo wao si baba anayetoa binti, wala si mama. Ni ndugu wa mama. Naye ni mjomba Ngosa, kapita, msimamizi wa wapagazi, kwenye bandari ya mto kule Bukama. Kisha akataja desturi: neno la kwanza kumfikia mjomba ndilo linaloketi kwenye mkeka. La pili linasimama nje mpaka la kwanza likataliwe. Na mchumba habebi maneno yake mwenyewe, hiyo ni aibu. Anatuma mshenga, yule wanayemwita shibukombe.

Clovis akaangalia viatu vyake. Mimi nusura nicheke. Mshenga! Nani katika mji huu ana mshenga kama wangu, wa waya wa shaba kutoka hapa mpaka Bukama?

Kompani inampa kila mfanyakazi telegramu moja kwa mambo ya familia, mradi shefu wetu, Bwana Lambotte, aipige kashe, muhuri wake. Yangu itakuwa nzuri. Yenye heshima. Nimeanza kuiandika. Sina haraka, kwa nini niwe nayo? Mlango ni mimi.


Jumatano, tarehe 10

Clovis amekuja asubuhi. Na karatasi mkononi. Na kashe juu ya karatasi!

Nimeisoma mara mbili nikitafuta maneno mengine. "Mjomba Ngosa. Naomba Delphine. Clovis." Ndiyo yote! Hata mtu anayeomba chumvi kwa jirani anasalimia kwanza. Na mimi yangu bado iko nyumbani, imefika kwenye salamu za wazee waliotangulia.

Kuitupa siwezi. Kila karatasi yenye kashe ina namba, na Bwana Lambotte anazipenda namba kuliko mke wake. Kuikalia pia siwezi. Lazima iondoke. Lakini iondoke kwenda wapi? Aa! Hapo ndipo mwenye elimu anapoonekana. Karatasi inasema Bukama. Haisemi kwa njia gani.

Nimeitia katika sanduku la Mokambo.

Maana inawezekana, ndiyo. Mokambo anawapa Waingereza wa Ndola, hao wanaipandisha mpaka Abercorn, inavuka ziwa, inashuka Albertville, inapanda treni hadi Kabalo, na pale inangoja merikebu ya mto kwenda Bukama. Njia ya vilema. Njia ya bantu waliokufa. Lakini kwa sheria ni njia.

Jeannot aliitazama karatasi, akanitazama mimi. Jeannot ni mzee kazini kunishinda, na sura yake haijabadilika tangu reli ifike hapa. Akauliza: Bukama iko juu, ju ya nini unaituma chini? Nikamwambia laini ya juu imejaa habari za treni za shaba. Akasema: Miye napiga tu yenye unanipa. Akapiga. Na Mokambo akapokea, hakuuliza kitu. Nawapenda sana bantu wa laini hii.


Alhamisi, tarehe 11

Yoo! Leo ni sikukuu ya bazungu, ya mwisho wa vita vyao. Tarumbeta tangu alfajiri. Bwana Lambotte kaenda kusimama mbele ya sanamu na medali zake, na kashe yake imefungiwa ndani ya meza. Telegramu yangu imekwisha, ni nzuri mno, mjomba atalia akiisoma. Nimekaa nayo mkononi siku nzima kama mjinga. Nje watoto wanapeperusha bendera za karatasi. Ndani inzi.

Si neno. Ile ya Clovis sasa hivi iko kwa Waingereza, wanakunywa chai juu yake.


Ijumaa, tarehe 12

Kashe nimepata, ila kwa matusi. Bwana Lambotte aliuliza kama hii ni telegramu au mahubiri ya Kwaresima. Akachukua kalamu akawafuta wazee waliotangulia wote, akaniachia salamu moja na ombi. Nimekunywa hasira yangu. Jeannot akapiga, Jadotville akapokea. Imekwenda! Moja kwa moja! Kabla ya mchana mjomba Ngosa anayo mkononi.

Kisha nikafanya jambo la akili zaidi. Kule Tenke, kwenye njia panda, fundi wa mashine ni Chomba. Mimi ni wa ukoo wa Uyoga, yeye ni wa ukoo wa Mvua. Kwa hiyo ni mtani wangu. Hatujawahi kuonana uso kwa uso, lakini utani hauhitaji uso. Nikamtumia maneno: ndugu Mvua, karatasi yangu ya Bukama itakupitia, isukume mbele ya nyingine zote. Akajibu: uyoga unaiomba mvua? Vema. Itanyesha.

Nimefurahi. Jioni nilimkuta Mama Constance sokoni, nikamwambia asishangae jibu likifika kesho. Akasema tutaona. Nimekunywa munkoyo kidogo, kisha kidogo tena. Mwenye kisu kikali ndiye anayekula nyama.


Jumamosi, tarehe 13

Imenyesha.

Si utani wa Chomba, ni mvua ya Mungu. Usiku wa jana dhoruba imeangusha nguzo za waya kwenye mabwawa kabla ya Bukama. Chomba anasema zimelala ndani ya maji, mamba wamezikalia, na mafundi hawana hamu ya kuwafukuza. Bukama hasemi, hasikii.

Bwana Lambotte alikuwa anakwenda kuvua samaki Karavia, fito za ndoana tayari begani. Akatoa amri akiwa mlangoni: stesheni yoyote isilalie karatasi. Ukishindwa kuipeleka mbele, mrudishie jirani yako atafute njia nyingine. Akaniambia: Kapya, weye njo unajua njia, angalia ubao. Akaenda zake.

Nimeuangalia ubao. Nilipaswa kutoa kibao cha Jadotville mbele ya Bukama na kuweka cha Mokambo. Ni kazi ya mkono mmoja. Lakini nikawaza. Nikiweka Mokambo, yangu pia itapita Mokambo, nyuma ya Clovis, ikila vumbi lake. Na mtu atauliza, je, njia ya Mokambo imewahi kujaribiwa? Atatazama, atakuta karatasi ya Jumatano, siku waya ulipokuwa mzima. Aka! Hapana. Waya utasimama kesho. Subira huvuta heri.

Jadotville akauliza: njia ya Bukama leo ni ipi? Nikamjibu: Tenke, kama kawaida.

Leo ilikuwa siku ya posho. Nimesimama kwenye mstari wa unga jua lote. Clovis alikuwa mbele yangu.


Jumapili, tarehe 14

Misa. Clovis alikaa benchi moja na Mama Constance. Baada ya misa alimbebea kapu. Sikubeba kitu, nilikuwa nafikiri.

Delphine mwenyewe alikuja kusimama karibu nami. Kitambaa cha kichwa cha manjano. Akaniuliza kama jibu limefika. Nikamweleza kuhusu dhoruba, nguzo, mamba. Akasema: lakini treni inafika mpaka kule Bukama, na weye ni muntu wa reli, panda tu uende. Nikacheka kidogo. Nikamweleza kwamba mchumba habebi maneno yake mwenyewe, ndivyo mama yake alivyosema. Akajibu kwamba mama yake anasema mingi. Akaendelea kusimama. Nikaona anapenda kujua zaidi, basi nikamweleza ubao: kushoto mji, kulia jirani, kila mmoja anampa wa pili. Nilieleza vizuri sana. Akapiga miayo. Akasema: Liévin, Mungu akusaidie, na akaenda kwa wenzake.

Amenitaja katika sala! Dalili njema.


Jumanne, tarehe 16

Mambo mabaya. Naandika polepole kwa sababu mkono umechoka na moyo umechoka zaidi.

Tangu jana karatasi zimekuwa nyingi ajabu. Nikipokea, natazama jina, natazama ubao, natia sandukuni. Sisomi. Ukisoma kila kitu utazeeka. Bukama, Jadotville. Bukama, Jadotville. Leo asubuhi nimetia moja, Jeannot akaipiga, alipomaliza akaanza kucheka. Jeannot! Nilifikiri ameugua. Akasema: Kapya, ile karatasi ilikuwa ya weye.

Ilikuwa yangu. Mama yangu! Ilikuwa yangu.

Sasa nimeelewa yaliyotokea, na naandika hapa ili mwingine asinihukumu. Ijumaa Jadotville alimpa Tenke karatasi yangu usiku, baada ya habari zote za treni. Waya ukakatika. Jumamosi Tenke, kwa amri ya Bwana Lambotte, akairudisha Jadotville atafute njia nyingine. Jadotville akatazama ubao wake: Bukama, mpe Tenke. Akampa Tenke. Tenke akamrudishia. Kila mmoja amefanya kazi yake safi kabisa! Hakuna hata mmoja aliyelala! Wametupiana karatasi yangu tangu Jumamosi mpaka jana jioni. Mwishowe Jadotville akachoka, akamrudishia jirani yake mwingine. Huyo jirani mwingine ni mimi. Nami, kwa mkono wangu huu, nimeirudisha kulekule.

Na si hilo tu. Jeannot alinisomea ilivyokuwa. Kila ilipopita Tenke, Chomba mtani wangu ameongeza neno. Chini ya salamu zangu: "Mwombaji anakoroma." Ilipopita tena: "Mguu wake mmoja ni mrefu." Ilipopita tena: "Ukimkubali, mfiche mvua isimkute, huoza." Nikampigia Chomba kwa ukali. Akajibu: mvua ikinyesha uyoga hulalamika? Siwezi kumshitaki. Mtani hashitakiwi, akikuvua kofia msibani unacheka. Nimecheka. Nimecheka peke yangu ndani ya biro.

Nikamwambia Jadotville aishike karatasi yangu. Akasema imeshaondoka, iko Tenke. Nikamwambia Tenke. Tenke akasema iko Jadotville.


Alhamisi, tarehe 18

Mpango mpya. Yangu imepotea njiani, vema. Basi ya Clovis isimame nayo! Nikaandika maneno ya kazi, bila kashe, kwenda Mokambo: mshike Clovis, usimpitishe. Mokambo akajibu alishapita tangu ile Jumatano. Nikayapeleka Ndola. Ndola akajibu alishapita. Nikayapeleka Abercorn. Abercorn akajibu Kiingereza kirefu ambacho Jeannot alikitafsiri kwa neno moja: ziwani.

Kiingereza chote kile, kwa neno moja.

Imevuka ziwa. Kimbia kimbia yangu yote, na ile karatasi yenye maneno ya kuombea chumvi inatembea taratibu mbele yangu, stesheni kwa stesheni, kila mahali inapokelewa vizuri. Mimi hata Jadotville nimeshindwa kuivuka.

Clovis nimemkuta jioni. Akanisalimia kwa mikono miwili na kunishukuru kwa kumtumia telegramu yake. Akauliza kama nami nimetuma. Nikasema bado natafuta maneno. Akasema pole, maneno ni kazi ngumu. Nilitaka kumpiga. Nilikuwa nimechoka.


Ijumaa, tarehe 19

Leo nusura nipoteze kazi.

Si karatasi yangu peke yake iliyokuwa ikizunguka. Ni karatasi zote za Bukama! Dawa za misheni. Nahodha wa merikebu anaomba kuni. Mjane anauliza azike au angoje. Zote, Jadotville na Tenke, Tenke na Jadotville, na kila siku mpya zinaongezeka na za zamani haziondoki. Leo waya umejaa mpaka habari ya treni ya shaba haikupata nafasi ya kupita. Treni imesimama porini asubuhi nzima, dereva amelala chini yake.

Bwana Lambotte aliingia amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Akauliza nani alimwambia Jadotville kwamba njia ni Tenke. Nikasema ubao. Akasema ubao hauna mdomo. Nikasema ndiyo Bwana. Akasema aliniachia ubao Jumamosi niuangalie. Nikasema niliuangalia. Nikamwona mama yangu kijijini akiambiwa kwamba Liévin amerudi na sanduku lake. Nikaanza kukusanya kalamu.

Hapo akamgeukia Jeannot, akauliza kama kuna hata karatasi moja ya Bukama iliyopata njia nyingine. Jeannot akafikiri. Akasema iko moja, ya tarehe kumi, kwa Mokambo.

Bwana Lambotte akageukia ukutani. Akapima kwa kidole kwenye ramani: Ndola, Abercorn, ziwa, Albertville, Kabalo, mto. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hiyo inafika. Na ilitumwa hata kabla waya haujaanguka! Akauliza nani aliyekuwa na akili hiyo.

Ee Maria. Niseme si mimi? Basi kazi imekwenda. Niseme ni mimi? Basi mimi ndiye niliyembeba Clovis mgongoni mpaka Bukama.

Nikasema: Ni mimi, Bwana.

Akauliza nilijuaje. Nikasema nilisikia harufu ya mvua.

Akanishika mkono! Akanipa sigara, akaiwasha yeye mwenyewe, akawaambia wote walio ndani: Voilà, muntu anayefikiri! Kisha kwa mkono wake akatoa kibao cha Jadotville mbele ya Bukama akaweka cha Mokambo. Jeannot akanitazama. Sikumtazama. Sigara ilikuwa chungu, na mimi sivuti.


Jumatatu, tarehe 22

Waya umesimama jana. Bukama anasema tena.

Leo asubuhi jibu la mjomba Ngosa limefika, Bukama, Tenke, Jadotville, hapa, kwa muda wa kunywa maji. Njia ile ile! Sasa imenyooka! Nimeipokea mimi mwenyewe. Naiandika kwa ufupi kwa kuwa kuinakili yote kunaniumiza.

Mjomba anasema Jumapili merikebu imemletea karatasi ya kijana Clovis. Imepigwa alama za Mokambo, na Ndola, na Abercorn, na Albertville, na Kabalo, mpaka hapakuwa tena na mahali peupe. Alimwita karani asome alama zote kwa sauti mbele ya wapagazi. Anasema tangu azaliwe hajaona mwanamume anayetuma neno lake lizunguke nchi yote na nchi ya Waingereza, livuke ziwa, lipande mto, kwa ajili ya mpwa wake. Wengine wangetuma kwa waya wa karibu kama wanaotuma kuuliza bei ya samaki. Hii ni heshima. Neno limeketi kwenye mkeka. Aje na binti na mama wa binti.

Mwishoni ameongeza kwamba Jumapili hiyohiyo, waya ulipofunguka, amepokea karatasi nyingine ya mtu anayekoroma mwenye mguu mmoja mrefu. Anauliza kama ni mchezo. Huyo asimame nje.

Nilikaa chini. Sikulia. Machozi yalitoka tu.

Kisha nikasimama, na jibu hilo nikalitia katika sanduku la Mokambo. Liende Abercorn, livuke ziwa, lifike kwa Mama Constance wakati wa Pasaka. Jeannot akalitoa sandukuni, akalikunja, akalitia mfukoni, akavaa kofia. Akasema anapita pale akienda nyumbani, atawasomea mwenyewe. Hakuuliza kitu. Huyu mtu sasa namchukia.


Jumatano, tarehe 24

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa, na ni kweli.

Mchana mtu amepiga hodi. Delphine! Peke yake, na kitambaa kilekile cha manjano. Sikuwa na kiti kisafi. Akasema hana haja ya kiti. Akabaki mlangoni.

Amesema wanaondoka Jumapili kwenda Bukama, yeye, mama yake na Clovis. Nikasema najua. Nikaanza kumweleza mambo ya waya, jinsi Tenke anavyomrudishia Jadotville na Jadotville anavyomrudishia Tenke, na kwamba kwa haki neno langu liliondoka likiwa na salamu bora. Akainua mkono ninyamaze.

Akasema hivi, naandika alivyosema. Liévin, nyumba yetu iko pale. Akaionyesha. Kweli iko pale, avenue ya nyuma, mtu akikohoa kwao mimi nasikia. Akasema: Clovis alikuja kutengeneza mulango yetu. Alikuja kula. Alikuja bure tu, kukaa. Weye hukuja hata siku moja. Miye nilingoja. Kanisani nilikuambia panda treni, nilitaka kuona kama unaweza kusimama juu ya miguu yako. Weye ukanifundisha ubao.

Macho yake yalikuwa na maji, nimeyaona, siongopi. Akasema neno la mjomba ni neno la mjomba, lakini kule Bukama binti naye anaulizwa, na binti akikataa mkeka unakunjwa. Akasema hajui bado atajibu nini. Akasema: Niko nyumbani mpaka Jumapili. Muntu mwenye kuwa na neno anajua mulango.

Akaenda. Nilimwona akivuka uwanja, akainama chini ya kamba ya nguo, akaingia kwao.

Moyo wangu! Nimezunguka chumbani. Nimecheka, nimelia, nimekaa, nimesimama. Haijakwisha! Ana nafasi moyoni! Nampenda, nalisema hapa wazi, nampenda mpaka mifupa inauma. Na neno ninalo, fupi, hata mzee Lambotte hangelifuta: nisamehe, usimkubali, olewa na mimi. Nimeliandika kwenye karatasi safi.

Sasa nimetulia na nimefikiri kama mtu mzima. Kosa langu limeonekana. Kosa lilikuwa waya. Mambo ya moyo hayapiti kwenye shaba, shaba inakatika. Yanataka bantu wanaojuana, jirani kwa jirani. Nitampa Jeannot karatasi hii. Jeannot atampa mkewe Annie. Annie anasuka nywele za Angélique, binamu wa Delphine, kila Ijumaa. Angélique atampa Delphine Jumamosi kisimani, bila mama yake kujua. Na Annie akishindwa, amrudishie Jeannot atafute njia nyingine.

Nimefungua mlango. Mvua imeacha. Delphine ameketi nje kwao, peke yake, anachambua sombe, majani ya muhogo, na kutazama huku. Nimempungia mkono ili ajue neno liko njiani, kisha nimepita upande wa pili kwenda kumtafuta Jeannot.